Mambo ya Nyumbani: Mnyama Mgeni Apokewe Vipi?

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Neno hilo lafaa kukumbukwa na kila mwenye nyumba atakaye kuleta mnyama mpya kwake. Kabla ya kwenda kumchukua, hana budi kujiuliza maswali matatu: Mnyama huyu atalala wapi? Atakula nini? Na atakapokuwa mkubwa, jembe lake litakuwa lipi? Asiyeweza kujibu swali la tatu na asubiri kwanza.

Huko Kinna, katika Kaunti ya Isiolo, swali hilo si la mzaha. Kinna iko kaskazini ya Mbuga ya Taifa ya Meru, karibu na mpaka wake. Wenyeji hufuga ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, na wengine hulima mashamba yanayonyweshwa kwa maji ya chemchemi. Wanyama wa porini ni jirani zao. Mtoto mchungaji aweza kumkuta mtoto wa swala amelala peke yake kichakani, akamwonea huruma, akamchukua mpaka nyumbani. Huruma ni jambo jema, lakini mara nyingi mama wa mnyama huyo hayuko mbali. Amemficha mwanawe, naye amekwenda kula majani. Basi mtoto aliyedhaniwa kuwa yatima hufanywa yatima na yule aliyetaka kumwokoa.

Habari ya mnyama aliyeletwa nyumbani na kujulikana kuliko wote ilitokea katika nchi hiyo hiyo ya Isiolo. Tarehe 1 Februari 1956, Bwana George Adamson, aliyekuwa Bwana Nyama mwenye makao yake Isiolo, alikuwa akimwinda simba mla watu. Simba jike alimrukia, naye akampiga risasi. Baadaye aligundua kwamba simba yule alikuwa akiwalinda watoto wake watatu, waliofichwa katika mwamba. Akawachukua, akampelekea mkewe, Bibi Joy Adamson.

Watoto wale walikaa siku mbili wakikataa maziwa, kisha wakaanza kunywa. Kijana mtunza bustani, jina lake Nuru, aliwekwa kuwa mlezi wao. Pimbi aliyekuwa akifugwa katika nyumba ile, aitwaye Pati-Pati, naye aliwazoea hata akawa kama yaya wao. Lakini simba watatu hawafugiki katika nyumba moja. Baada ya miezi michache wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mmoja akabaki, naye ndiye Elsa.

Elsa alizoea watu kabisa, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Alipofika umri wa miaka miwili na zaidi, alikuwa simba mzima asiyejua kujitafutia chakula. Mwaka 1958 walianza kumfundisha kuishi porini. Mahali pa kwanza alidhoofika na kuugua. Wakampeleka kando ya mto Ura, katika nchi ambayo sasa imo ndani ya Mbuga ya Meru, na huko, baada ya subira nyingi, akajua kuwinda. Mwezi wa Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Tarehe 24 Januari 1961 akafa kwa ugonjwa uletwao na kupe, hata miaka mitano hajatimiza. Kaburi lake liko kando ya mto huo.

Kitabu juu ya Elsa kilitoka mwaka 1960, na filamu mwaka 1966, nao watu wa nchi nyingi wakampenda. Lakini mfugaji wa mbuzi atazame pia yaliyofuata. Watoto wa Elsa, walipofiwa na mama yao kabla ya kujua kuwinda vema, waliingia katika maboma ya wenyeji na kuua mbuzi. Mmoja wao akachomwa mshale. Mwaka huo huo wa 1961 ilibidi wakamatwe na kupelekwa Serengeti, Tanganyika. Tena, simba dume aitwaye Boy, ambaye alilelewa na watu na kutumiwa katika filamu ile, alimwua msaidizi wa Bwana Adamson huko Kora, ng'ambo ya mto Tana, mwaka 1971. Bwana Adamson mwenyewe akalazimika kumpiga risasi simba huyo aliyemtunza kwa miaka.

Haya yaliwapata watu waliokuwa na ujuzi, magari, bunduki na wakati wa kutosha. Mwenye boma la kawaida atafanyaje? Siku hizi sheria nayo imekata shauri: kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kumweka mnyama wa porini bila ya kibali ni kosa. Aonwapo mtoto wa mnyama amelala peke yake, na aachwe mahali pake. Ikijulikana kwamba mama yake amekufa, askari wa wanyamapori waarifiwe upesi.

Mnyama wa nyumbani ana jembe lake: mbwa hulinda boma, paka hulinda ghala. Hata hivyo naye atayarishiwe makao kabla hajaja.

Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza majuma manane. Aendaye kumchukua aulize amezoea chakula gani, ampe hicho hicho siku za kwanza, kisha ambadilishie kidogo kidogo. Aombe pia kitambaa kilicholaliwa na mama yake, kwani harufu ile itamtuliza usiku. Usiku wa kwanza atalia. Asipigwe kwa kulia, maana hulilia mama yake tu. Ikiwa atakuwa mlinzi wa mifugo, kibanda chake na kiwe karibu na zizi la mbuzi tangu mwanzo, ili azoee harufu yao, nao wamzoee. Mbwa wa zamani asiachwe peke yake na mgeni mpaka wamezoeana, na kila mmoja apewe chakula katika chombo chake.

Katika nyumba za Waislamu, walio wengi Kinna, mbwa wa kulinda mifugo ana ruhusa, lakini mahali pake ni nje, na chombo chake kisichanganywe na vyombo vya watu. Watoto waelezwe hayo mapema, ili wasimwonee mnyama kwa kudhani kwamba unajisi ni ruhusa ya kumpiga mawe. Paka hana shida hiyo. Yeye na afungiwe ndani ya chumba kimoja kwa muda wa juma moja, alishwe saa zile zile kila siku, ndipo afunguliwe mlango. Akifunguliwa mapema mno, aweza kupotea akitafuta njia ya kurudi alikotoka.

Jambo lililo kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Mbwa aweza kuambukizwa na mbweha au mbwa mwingine, kisha akamwuma mtoto aliyekuwa akicheza naye jana. Ugonjwa huu ukisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara humwua. Lakini wazuilika. Mbwa na paka wachanjwe wafikapo umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa tu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano. Asingoje kuona kama mbwa atakufa, wala jeraha lisipakwe majani au mafuta.

Kwa hiyo, siku mnyama mgeni aingiapo, mwenye nyumba na achukue daftari, aandike tarehe na umri wa mnyama, kisha ahesabu mbele mpaka mwezi wa chanjo. Siku hiyo iandikwe pia, na mmoja wa watoto wakubwa apewe kazi ya kuikumbusha. Ikiwa chanjo haipatikani karibu, daktari wa mifugo aulizwe mapema siku atakayofika, ili wenye mbwa wote wa kijiji wawapeleke pamoja.