Motere inavuta, lakini freni itaweza?



Kila mwaka, mahindi yakiisha kuvunwa, tunaona jambo lile lile siku ya posho. Mfanyakazi anatafuta kamioneti ya zamani ya mazutu, yake mwenyewe ao ya shemeji yake. Anafunga remorki nyuma. Anapakia mifuko ya mahindi, makala, vitanda, mbuzi wawili, na juu ya vyote anapandisha bibi, watoto na mama mkwe. Kisha anashika njia ya kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, karibu kilometa 300, ao anatoka upande wa Kasenga, karibu kilometa 200. Ukimwuliza kama mzigo haupiti kipimo, anakujibu: "Motokari hii ina nguvu. Haijanikataa hata siku moja."

Na kweli haijamkataa. Motere ya zamani ya mazutu inavuta vizuri hata ikizunguka pole pole. Unatia vitesi ya kwanza, unaachilia ambreyaje, na mzigo wote unaondoka bila kelele nyingi. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanapima nguvu ya motokari kwa namna inavyoondoka. Mimi, kwa kazi yangu ya dispensari, nasema tupime kwa namna inavyosimama. Sijapokea bado mgonjwa aliyeumia sababu motokari ilikosa nguvu ya kupanda mlima. Wale wanaoletwa kwetu wameumia sababu haikusimama.

Tufanye hesabu pamoja, haihitaji masomo makubwa. Kamioneti tupu ina uzito wa tani moja na nusu, zaidi kidogo ao pungufu kidogo. Weka tani 1 nyuma. Remorki iliyounganishwa na fundi wa mtaani kwa chuma na ekseli ya zamani inaweza kuwa na kilo 500 yenyewe. Ongeza ndani yake mifuko 30 ya kilo 50, ni tani 1 na nusu. Jumla: tani 4 na nusu, bila kuhesabu watu. Ni mara tatu ya motokari tupu, lakini freni ni zile zile za kamioneti peke yake, sababu remorki nyingi za kwetu hazina freni hata moja. Katika inchi nyingi sheria inakataza remorki isiyo na freni kupita kilo 750, mzigo pamoja na chuma. Yetu imepita mara mbili na zaidi.

Freni inasimamisha motokari kwa kugeuza mwendo kuwa moto. Mzigo ukiwa mara tatu, moto pia ni mara tatu. Na ukizidisha mwendo kutoka kilometa 40 kwa saa mpaka 80, moto hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Shofere wengi hawajui jambo hili, hata wale wenye miaka mingi ya kazi. Tena mafuta ya freni yanavuta maji ya hewani, mwaka kwa mwaka. Mafuta mapya ya namna ya kawaida yanachemka kwa digri 205. Yakiisha kuingiwa na maji, yanaweza kuchemka kwa digri 140. Yakichemka ndani ya mabomba, yanatoa mvuke, na mguu wako unashuka mpaka chini bila kupata kitu. Shofere anasema: "Freni zimekufa ghafula." Hazikufa ghafula. Zilianza kufa siku ile mafuta yalipoachwa miaka mitano bila kubadilishwa.

Kuna na desturi nyingine inayonikasirisha: kutoa vitesi katika mteremko ili kupunguza mazutu, na wengine wanazima motere kabisa. Kwa motokari nyingi za mazutu, msaada wa freni unatoka katika pampu inayozungushwa na motere. Motere ikizimwa, ukikanyaga mara moja ao mbili, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na remorki nyuma yako haingoji. Inasukuma, na katika kona inageuza mkia wa kamioneti mpaka zote mbili zinalala njiani. Ukifika kwenye vilima vya karibu na Likasi, tia vitesi ndogo kabla ya kuanza kushuka, ile ile ambayo ungepanda nayo. Utachelewa dakika chache. Mazutu utakayopunguza kwa kutoa vitesi hayanunui hata chupa moja ya serumu.

Juu ya namna ya kupakia, mafundi wa garaje wanajua zaidi kuliko mimi. Nimewauliza nao wamenieleza. Uzito mkubwa uwe mbele kidogo ya ekseli ya remorki, hata karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wake ilalie kwenye ndoano. Ukiweka makala mbele na mahindi nyuma, remorki inaanza kuyumba kama mkia wa samaki, na mwendo ukiongezeka haitulii tena. Ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mazutu pole pole, shika usukani imara, usiupindepinde. Lakini uzito ukizidi kwenye ndoano, kamioneti inakaa chini nyuma na kuinua pua: usukani unakuwa mwepesi, na usiku taa zinamulika juu, machoni pa shofere wa kamioni ya shaba anayekuja mbele yako. Funga na minyororo miwili iliyopishana chini ya ndoano. Pima hewa ya pine asubuhi, zikiwa baridi. Pine yenye hewa kidogo chini ya mzigo mkubwa inapata moto na kupasuka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike: watu wanaokaa juu ya mzigo.

Mwaka uliopita tulipokea mama mmoja, bibi ya mfanyakazi, aliyekuwa amekaa juu ya mifuko pamoja na mtoto mgongoni. Motokari haikupinduka. Haikugonga kitu. Ilipunguza mwendo kwa nguvu sababu ya shimo, na mifuko ya juu ikatelemka, naye akatelemka pamoja nayo. Mfuko mmoja wa kilo 50 ulimwangukia kiunoni. Mtoto alipona, sababu mama alianguka kifudifudi. Mama huyo alilala kitandani wiki saba, na leo anatembea kwa fimbo. Ana miaka 29. Bwana yake ni mtu mzuri, shofere wa uangalifu, asiyekunywa. Aliniambia alitaka kupunguza nauli ya basi ya watu wawili.

Simlaumu peke yake. Katika kambi zetu tumezoea kumlaumu shofere, na shofere mara nyingi ni mtu wa mwisho kuamua. Mwenye motokari anataka safari moja badala ya mbili. Mwenye mahindi anataka kufika kabla bei haijashuka. Jamaa wanalia kama ukiwaacha njiani: "Umekuwa mkubwa sasa, huwezi kutubeba?" Shofere anaona haya, anasema pandeni. Mimi nasema haya hiyo ni mbaya kuliko pombe, sababu pombe walau tunaisema kwa sauti.

Na kuna uchovu. Wengi wanaondoka wakiisha kutoka kazi ya usiku, bila kulala. Mwaka 1997 wachunguzi wawili wa Australia walipima watu waliokaa macho masaa 17 mfululizo, wakaona mikono na akili zao zinafanya kazi kama za mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika litre ya damu. Hesabu masaa yako mwenyewe: umeamka saa nane ya mchana, umeingia kazini saa nne ya usiku, umetoka saa kumi na mbili ya asubuhi. Ukishika usukani saa moja, ni masaa 17 kamili, na safari ndiyo inaanza. Lala kwanza. Mahindi hayaozi kwa masaa sita.

Motokari ya zamani ikiharibika njiani, hatari hazijaisha. Radiatere ikichemka, usiifungue. Ndani maji yamebanwa na yanapita digri 100. Ukilegeza kifuniko yanaruka usoni. Ngoja mpaka uweze kuweka mkono juu yake bila kuungua. Mtu akiungua, mwagia maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, mlete. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala yai. Tunapoteza wakati mwingi kuvitoa vitu hivi, na mgonjwa analia mara ya pili.

Usinyonye mazutu kwa mdomo na mpira. Najua kila mtu anafanya, hata mafundi wazee. Mazutu yakiingia kidogo tu katika njia ya hewa, mapafu yanavimba, na mtu aliyekohoa mchana anaweza kukosa pumzi usiku. Akimeza, msimtapishe, wala msimpe maziwa ao mawese: akitapika, mazutu yanapita tena karibu na mapafu. Mleteni dispensari, hata kama anasema ni mzima. Na kama ni kutoa hewa tu katika mabomba ya mazutu, motokari nyingi za namna hii zina pampu ndogo ya mkono karibu na filtre. Iko pale kwa kazi hiyo.

Ukisimama usiku, toa motokari kabisa katika njia kama inawezekana. Matawi yawekwe mbali nyuma, si hatua kumi. Kwa kilometa 60 kwa saa, kamioni inakula karibu metre 17 kila sekunde. Watu wasilale chini ya remorki kujikinga na baridi. Na ukiondoka, ondoa mawe uliyoweka chini ya pine! Jiwe uliloliacha katikati ya njia litamkuta mwenzako wa pikipiki saa mbili za usiku, naye hana taa.

Wengine watasema: "Huyu wa dispensari ana maneno mengi, lakini nani atalipa safari ya pili?" Ni swali la haki. Nauli imepanda, mishahara tunaijua. Basi nieleze namna ninavyoona mimi. Mizigo na watu watengane. Mizigo ipunguzwe na iende na kamioneti, shofere na msaidizi mmoja ndani ya kabina. Bibi na watoto waende kwa basi, hata kama ni siku nyingine. Jamaa wawili ao watatu wa kambi moja wakiungana, wanaweza kukodi pamoja nafasi katika kamioni kubwa yenye freni zake, na kila mmoja atalipa kwa mfuko. Nimeona watu wa mtaa mmoja wakifanya hivyo miaka miwili sasa, na hesabu yao haikuwa mbaya kuliko ya kamioneti, ukihesabu pine zilizopasuka.

Na kwa wakubwa wetu nina ombi. Garaje ya kampuni ina chombo cha kupima freni, na mafundi wanaojua kazi. Siku ya posho, kabla ya mwezi wa mavuno, ifunguliwe asubuhi moja kwa motokari za wafanyakazi: freni zitazamwe, mafuta yake yapimwe, ndoano na minyororo ishikwe kwa mkono. Si kutengeneza, ni kutazama na kumwambia mwenyewe ukweli. Kazini hatukubali kamioni itoke shantie bila kupimwa freni. Mfanyakazi yule yule anatoka langoni jioni, na bibi yake juu ya mifuko.

Mama, nawe una neno katika jambo hili. Ukiambiwa panda juu ya mifuko, kataa mbele ya watu wote, hata mama mkwe akikasirika. Akiuliza nani amekufundisha ukaidi huo, mwambie ni wa dispensari, mlete kwangu. Niko pale kila siku saa moja ya asubuhi, isipokuwa siku ya Mungu.