Moyo wa mwanao ulisikilizwa lini?

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wa mbwa wetu kuchanjwa. Kabla ya kugusa sindano, daktari wa mifugo alimwekea kipimo kifuani, akanyamaza, kisha akaniambia, "Dokta, hebu sikiliza hapa." Nikasikia mvumo, kama maji yanayolazimishwa kupita kwenye bomba lililobanwa. Kipimo cha picha kilithibitisha: valvu inayopitisha damu kwenda kwenye mapafu ni nyembamba tangu kuzaliwa. Kumbe mbwa na paka nao huzaliwa na kasoro hizi.

Nilirudi nyumbani na aibu kidogo. Katika kliniki nyingi ninazozifahamu, mtoto wa binadamu hupimwa uzito, huchomwa chanjo, kadi hujazwa, mama huondoka. Kifua chake hakisikilizwi mpaka augue. Siwalaumu wauguzi, foleni naijua. Lakini kusikiliza moyo ni kazi ya dakika moja.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, takriban mmoja ana kasoro ya moyo. Wengine ni tundu, wengine ni valvu inayobana au kuvuja. Mzazi, wewe ndiye unayeziona dalili kwanza: mtoto anatokwa jasho akinyonya, anaachia titi kila mara apumue, haongezeki uzito, anahema haraka hata akilala. Wengi huletwa kwangu wakiwa wameshatibiwa nimonia mara tatu au nne, na hakuna aliyejiuliza kwa nini inarudi.

Kwa hiyo siku ya kliniki sema tu, "Naomba mwanangu asikilizwe moyo." Usione haya, ni haki yake.

Ukiambiwa kuna mvumo, usianze kulia. Watoto wengi wazima kabisa wana mvumo usio na madhara, na ultrasaundi ya moyo ndiyo itakayoamua. Hata valvu ya mapafu ikiwa imebana, mara nyingi hufunguliwa kwa puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Njia hiyo inatumika kwa watoto tangu 1982. Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inatibu mioyo ya watoto; omba rufaa mapema.

Ila midomo au ulimi ukigeuka bluu, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.