Kichaka Kimoja Hakitoshi

Mwezi Oktoba, 2009, kando ya barabara iendayo kwenye daraja la Golden Gate mjini San Francisco, Marekani, mtaalamu wa mimea alikiona kichaka ambacho wanasayansi walikwisha kuamini kuwa kimetoweka porini tangu miaka ya 1940. Ni manzanita ya aina iitwayo Arctostaphylos franciscana. Hapakuwa na kingine cha aina hiyo kilichojulikana kuota chenyewe porini duniani kote.

Kutoweka huko hakukuwa kudra. Manzanita hiyo huota katika nyika ya vichaka vifupi iitwayo chapareli, juu ya miamba ya sapentini yenye rutuba haba. Makao hayo yalikuwa finyu tangu mwanzo, nayo yalikuwa ndani ya mji ambao viwanja vyake viligeuzwa bidhaa. Kimbilio lake mojawapo la mwisho lilikuwa makaburi ya Laurel Hill. Makaburi hayo yalipohamishwa kupisha majumba, kufikia 1947, tingatinga halikubakiza kitu, isipokuwa mimea michache iliyowahi kuokolewa na kupelekwa bustanini.

Januari 2010 kichaka hicho kiling'olewa pamoja na bonge la udongo wake, kikahamishwa ili kupisha ujenzi wa barabara. Kazi hiyo iligharimu zaidi ya dola 100,000. Wapo walionung'unika kwamba fedha hizo ni nyingi mno kwa kichaka. Lakini lililostahili kulaumiwa ni uamuzi wa zamani, uliohesabu bei ya kiwanja na kusahau kilichoota juu yake.

Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilikiorodhesha miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka, na 2013 ikatambua kisheria takriban ekari 230 kuwa makao yake muhimu. Ni hatua njema, ila imechelewa. Kichaka hicho kimoja kilipoonekana hakikuwa na wenzake porini wa kubadilishana nao chavua, na vipandikizi vyake ni nakala zake tu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtumishi wa umma anayeidhinisha ramani ya ujenzi hana budi kuuliza nini kinaota pale kabla ya tingatinga kuwasili. Mwalimu naye hana budi kuwatoa wanafunzi darasani wakaijue mimea ya mahali pao kwa majina. Maendeleo ni haki ya wananchi. Lakini ardhi ni urithi wa vizazi vyote, wala hakuna kizazi kilichoruhusiwa kuumaliza peke yake.