Mwalimu Asomaye Ndiye Azaaye Wasomaji

Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee kwa vijana nchini Tanzania waliitikia mwito wa kufuta ujinga. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini kujua kusoma ni jambo moja, na kupenda kusoma ni jambo jingine. Mkulima aliyemaliza kitabu cha kilimo bora asipate kingine cha kumvuta, husahau herufi upesi. Hali kadhalika mtoto wa Handeni au Korogwe akijuaye kitabu kuwa ni kitu cha mtihani tu, atakiweka chini siku mtihani umalizikapo, wala hatakiinua tena.

Dawa ya ugonjwa huo ni vitabu vitamu, na mganga wake ni mwalimu mwenyewe. Wako wadhanio kwamba kitabu cha kufurahisha ni cha kupotezea wakati. Dhana hiyo si sahihi. Somo la undugu, urafiki na heshima kwa walimu huingia moyoni kwa hadithi kuliko kwa amri.

Yafaa kuanza na kitabu cha nyumbani. Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Liwali Abdallah bin Hemedi, kilichapwa kwanza huko Magila, Muheza, kuanzia miaka ya 1890, kikatolewa upya mwaka 1962. Kinasimulia habari za Mbegha, mwindaji wa Nguu, nchi iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni kabla ya Wilaya ya Kilindi kuundwa. Jamaa zake walimdhulumu urithi. Rafiki yake, mwana wa mtawala, aliuawa na nguruwe mwitu wakiwa mawindoni, naye Mbegha akalazimika kukimbia. Alipofika Usambara alipendwa kwa ukarimu wake wa kugawa nyama, hata akafanywa mtawala. Mwanafunzi asomaye habari hizo huinua macho akaitazama milima iliyo juu ya Mombo kwa jicho jipya.

Kitabu cha pili ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ndugu wawili wenye wivu wanamtosa baharini ndugu yao aliyewatendea mema. Wanageuzwa manyani, naye Adili anaamriwa kuwachapa kila usiku. Anawachapa huku akilia, kisha anawalisha chakula kizuri. Damu nzito kuliko maji; na mtoto aliyegombana na nduguye asubuhi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mtumishi wa serikali naye asome Maisha Yangu cha mwandishi huyo huyo. Shaaban Robert alikuwa karani. Alianza kazi ya forodha mwaka 1926, akatumika ofisini kwa miaka mingi, na kazi haikumzuia kuandika. Katika maisha yake alimzika mkewe, akalea watoto, akawatungia tenzi za kuwausia. Karani alalamikaye kwamba faili hazimwachii nafasi ya kusoma, amtazame karani huyo.

Cha nne kimetoka mbali, nacho ni Barua Ndefu Kama Hii cha Mariama Bâ wa Senegal, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1979 na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Ramatoulaye, mwalimu aliyefiwa na mume, anamwandikia Aissatou, rafiki yake tangu utotoni. Mume huyo alikuwa amemtupa yeye na watoto akaoa msichana mdogo. Siku zile za taabu Aissatou ndiye aliyemnunulia gari. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Humo pia anamkumbuka kwa shukrani mkuu wa shule aliyewafumbua macho walipokuwa wasichana. Mwalimu aliyechoka, ambaye hajui kama kazi yake inaonekana, atajiona katika kurasa hizo.

Itasemwa kwamba vitabu ni ghali na ni adimu vijijini. Ni kweli. Lakini nakala moja yatosha darasa zima ikiwa mwalimu ataisoma kwa sauti, sura moja kila Ijumaa, akakoma pale penye utamu ili watoto wangoje juma lijalo. Walimu wa shule moja wakichanga, wataweza kununua kitabu. Shule jirani ikinunua kingine, wakabadilishana, shule zote mbili zina vitabu viwili. Ofisa aendaye kukagua kazi kutoka Korogwe mpaka Sindeni, au kutoka Chanika mpaka Mkata, hatalemewa na kitabu kimoja mkobani mwake.

Jambo moja tu halikopeki, nalo ni mapenzi ya kusoma. Mwalimu asiyesoma hawezi kuyagawa, kwa kuwa hana. Watoto wa Handeni na Korogwe hawatavipenda vitabu kwa kuagizwa. Watavipenda siku watakapomwona mwalimu wao amekaa chini ya mwembe wakati wa mapumziko, kitabu mkononi, akicheka peke yake.