Rangi Mpya Isifiche Ufa

Usione vyaelea, vimeundwa. Katika nyumba nyingi za Kenya imo baisikeli nzito nyeusi iliyonunuliwa na babu. Ilibeba maziwa na magunia ya mahindi, ikawapeleka wagonjwa hospitali, na mwisho ikaegemezwa nyuma ya ghala. Sasa mjukuu aitazama na kutamani kuirudishia sura ya ujana wake. Nia hiyo ni njema, ila wengi huanza na kopo la rangi, na hapo ndipo wanapokosea. Apakaye rangi juu ya kutu huipamba hatari, haiondoi.

KUITAMBUA KWANZA

Yafaa mwenye baisikeli aijue kabla ya kuigusa. Nyingi katika hizo zilitoka Uingereza. Raleigh ya Nottingham ina nembo ya kichwa cha korongo. BSA ya Birmingham ina bunduki tatu zilizoegemezana, kwa sababu kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1861 ili kuunda bunduki. Nembo hiyo ing'olewe taratibu na kuwekwa mahali salama. Nambari iliyogongwa katika chuma cha fremu inakiliwe, wala isisuguliwe kwa nguvu hata ikafutika, kwani baisikeli ikiibwa nambari ndiyo shahidi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tena, ikiwa rangi ya zamani bado imeshika na mistari ya dhahabu yaonekana, heri kuiosha na kuipaka nta kuliko kuibandua. Rangi mpya hupatikana dukani siku yoyote. Rangi ya kwanza ikishaondolewa hairudi.

KUIFUNGUA

Ikiwa kutu imezidi, hapana budi kuifungua yote. Vijana wengi huharibu pedali ya kushoto kwa kutojua kuwa nyuzi zake zimekatwa kinyume: hiyo hufunguliwa kwa kuzungusha spana kufuata mwendo wa akrabu za saa. Pini inayoshika mkono wa pedali isipigwe nyundo kabla ya kutiwa mafuta usiku kucha na kuegemezwa chini kwa kitu kigumu. Gololi za kila sehemu ziwekwe katika mkebe wake, zisichanganywe. Kiti cha ngozi kisilowekwe majini, kwa maana kitapoteza umbo lake.

KUTU, UFA NA VUMBI

Rangi za miaka ya zamani mara nyingi zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kwa hiyo fremu isisuguliwe ikiwa kavu. Itumiwe msasa wa maji, mbali na jiko na mahali pa kuchezea watoto. Uchafu ukusanywe, mikono na nguo zioshwe kabla ya kula.

Chuma kikiwa wazi, ndipo kichunguzwe vema: pale mabomba yanapoungana, kwenye foku, na chini karibu na pedali ambako maji hutuama. Mstari mwembamba kama unywele waweza kuwa ufa. Baisikeli ya namna hiyo haifai kupandwa mpaka fundi aikague, kwa kuwa foku ikivunjika mteremkoni humwangusha mpandaji kifudifudi pamoja na mzigo wake. Rimu nazo zitazamwe. Breki za vyuma hubana rimu kwa upande wa ndani. Rimu ya chuma, ikilowa mvua, hushikwa kwa udhaifu hata ikiwa nzima, sembuse ikiliwa na kutu.

KUPAKA

Hapo ndipo zamu ya rangi. Fremu ipanguswe mafuta yote, kisha ipakwe rangi ya msingi izuiayo kutu. Nyuzi za nati na vikao vya gololi vizibwe kwa nta au kitambaa ili rangi isiingie. Rangi nyeusi ipakwe nyembamba, mara tatu au zaidi, kila mara ikiachwa ikauke na kusuguliwa kidogo kwa msasa laini. Rangi nene hutiririka. Ipakwayo juani hukauka juu ikabaki mbichi ndani, na mwisho hukunjamana. Chumba kisicho na vumbi ndicho bora. Kazi ikiisha, fremu ingojewe wiki moja au mbili ili igumu, ndipo baisikeli ifungwe.

Kisha ipandwe kwanza mahali tambarare, bila mzigo, breki zikijaribiwa. Ikiwa yabaki kovu la mahali babu alipounga chuma cha kubebea mizigo, na chuma hicho bado ni imara, liachwe. Kovu hilo halimdhuru mpandaji, na mtoto akiliuliza wazee watapata la kumsimulia. Ufa ndio usioachwa, hata ungefunikwa kwa rangi nzuri namna gani.