Shahada peke yake haitoshi

Ukilinganisha kipato cha wahamiaji, tazama pia walikotoka na walivyopokewa. Wengi wa wahamiaji waliomiminika Israel kutoka Umoja wa Kisovyeti baada ya 1989 walikuwa wasomi: wahandisi, madaktari, wanamuziki. Hata hivyo, mwanzoni wengi walifagia barabara na kulinda majengo kwa kukosa Kiebrania au leseni. Walipoijua lugha, baadhi walirudi kwenye taaluma zao. Waethiopia zaidi ya 14,000 walioletwa Israel kwa ndege Mei 1991 walitoka hasa vijijini, bila vyeti, kisha wakakumbana na ubaguzi wa rangi. Kwa hiyo tusiseme kundi moja lina bidii kuliko jingine. Tudai mafunzo ya lugha, kutambuliwa kwa vyeti na haki sawa kazini kwa wote.