Maktaba za Programu Zihifadhiwe na Asili Yake
Yafaa wakuu wa idara zinazounda programu wafahamu kwamba maktaba ya msimbo iliyotungwa na wengine, ikishafasiriwa na kompaila ya toleo moja, haina dhamana ya kupatana na kazi ya toleo jingine. Kwani mwaka 2015, kompaila ya GCC, toleo la 5, ilipobadili umbo la data ya matini (string) ya C++ katika kumbukumbu ya kompyuta, maktaba nyingi za awali zilikataa kuungana na programu mpya mpaka zilipojengwa upya.

Kwa hiyo ni wajibu, wala si hiari, kuhifadhi msimbo asilia wa kila maktaba, kusajili toleo la kompaila na amri zilizotumika, na kuijenga upya kila kompaila inapobadilishwa. Maana ategemeaye faili lisilo na asili huiweka kazi yake rehani.